Mstari Mdogo Niliouosha kwa Miezi Minne

Kabla sijaiona maabara niliisikia. Nilikuwa nimesimama kwenye korido na barua ya kazi mkononi, viatu vya kuazima vikinibana vidole, na nyuma ya mlango uliofungwa kulikuwa na mvumo mrefu uliokuwa ukipanda polepole, kama mwanakwaya anayetafuta sauti ya kuanzia. Ukapanda, ukatulia. Kisha ndani yake kikaingia kitu kingine, mgongano mdogo wa harakaharaka, kama punje ya mahindi iliyofungiwa ndani ya debe. Nikainua mkono nigonge.

"Weye wa nje, usigonge," sauti ya mwanamume ikasema. "Sikiliza kwanza. Hii mashine iko sawa, ama haiko sawa?"

Sikujua ni mashine gani. Nikaziambia mbao za mlango, "Haiko sawa, mzee. Kuna kitu kinagonga ndani."

Kitufe kikabonyezwa, mvumo ukashuka hadi ukafa, na mlango ukafunguliwa. Mbele yangu alisimama mtu mwembamba mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa jepesi kama shashi, na vidole vya buluu. Buluu kabisa, hadi kwenye kucha.

"Basi umeajiriwa," akasema. "Barua utampa bosi."

Huyo ndiye Anakleti, aliyenifundisha kazi. Yeye alikulia Bujumbura, mimi Ngara upande wa Tanzania, na sote wawili tulirudi Rwanda tukiwa watu wazima. Kazini tulizungumza Kiswahili, kwa sababu Kinyarwanda changu wakati ule kilikuwa kinachekesha watu na Kifaransa chake kilikuwa kinanitisha.

Ninyi watatu mlioanza kazi mwaka huu mliniomba niwaandikie mambo ambayo hayamo katika lile faili la maelekezo. Nimekaa barazani kwangu Rebero, hapa Kigali, na daftari, na mara tatu nimeanza nikaacha, kwa sababu kila nikianza inatoka kama faili. Basi nitaandika yanavyokuja. Lipo moja ambalo ni lazima niliandike, na najiona nalizunguka. Nitalifikia.

Kwanza masikio. Sentrifuji, ile mashine inayozungusha vichupa kwa kasi mpaka kizito kikae chini na chepesi kibaki juu, haitaki kuangaliwa, inataka kusikilizwa. Vichupa vinavyokabiliana viwe na uzito mmoja. Msipime kwa macho. Wekeni kwenye mizani hata kama mna haraka, na hasa kama mna haraka. Mkishaiwasha msikimbilie chai. Simameni pale mpaka mvumo utulie. Miaka mingi niliamini kwamba siku ile ya kwanza Anakleti alinitega, kwamba aliharibu uzito makusudi ili ayapime masikio yangu. Siku aliyostaafu, soda mkononi, akanivuta pembeni akanieleza ukweli: alikuwa amesahau kupima vichupa, na aliniuliza kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na uhakika.

"Nilikuwa nasikia inagonga," akasema, "lakini nilikuwa natumaini ni mimi nimezeeka."

Halafu ile rangi ya buluu. Protini hazionekani kwa macho, mnajua. Tunazipitisha kwenye jeli, kile kipande laini kama ute wa yai lililochemshwa. Umeme unazivuta kwenda chini, kubwa zinakwama juu, ndogo zinakimbia hadi miguuni, kisha tunamwaga rangi na kila protini inajitokeza kama mstari wa buluu. Lakini ngozi ya mtu nayo ni protini, na rangi haibagui. Zamani glavu zilikuwa haba na Anakleti aliziwekea akiba kwa kazi za hatari tu. Jumapili, kanisani Kabeza, wakati wa kupeana mkono wa amani, akina mama wa benchi la mbele walikuwa wanashika vidole vyake na kuvigeuza kama wanachagua viazi. Katekista akamuuliza kama ni mpaka rangi.

"Hapana," akajibu, "mimi natazama vitu visivyoonekana."

"Na sisi je?" akasema katekista. "Mbona hatujawa buluu?"

Anakleti aliisimulia hiyo kila mwaka, na kila mwaka alicheka kabla hajafika mwisho.

Vaeni glavu.

Lakini tulikuwa tunatafuta nini? Nina wifi ambaye hadi leo anadhani kazi niliyostaafia ilikuwa kupima choo. Ni kweli nilianzia huko, nikiotesha bakteria wa kuhara damu kwenye visahani. Baadaye maabara yetu ikageukia swali la ndani zaidi: huyu kiumbe asiye na meno wala kucha anamwingiliaje mtu? Jibu ni kwamba ana sindano. Sisemi kwa mfano, ana sindano kweli. Ina kitako kilichokita kwenye ngozi zake mbili, ya ndani na ya nje, na juu ya kitako limesimama bomba jembamba lenye tundu katikati. Bomba zima limejengwa kwa protini moja ndogo iliyorudiwa zaidi ya mara mia. Kila moja imepinda kama kibanio cha nywele, zikapangana kwa kuzunguka na kupanda, kama mama anavyosuka kikapu cha agaseke, mzunguko juu ya mzunguko, bila kuacha nafasi ya sisimizi kupita. Kupitia tundu hilo bakteria anasukuma protini zake nyingine hadi ndani ya seli ya mtu, zikafanye uharibifu wao. Siku ya kwanza nilipoiona picha yake nilisahau kwamba ni adui. Nilisema tu, "Mungu wangu, nani alimfundisha huyu kusuka?"

Tatizo ni kwamba tundu ni jembamba mno. Fikirieni ule mrija tunaonywea pombe ya mtama kwenye sherehe. Protini iliyokunjwa vizuri ni kama mpira wa uzi, haiwezi kupenya. Ni lazima ifumuliwe ipite kama uzi. Na protini iliyo nusu wazi, mkiiacha peke yake, inajifunga fundo na kushikana na wenzake mpaka yote inakuwa mabonge. Yai likichemka ndivyo linavyokuwa, na hakuna aliyewahi kulirudisha bichi. Sasa bakteria anafanyaje ili protini yake isijifunge fundo kabla ya kufika kwenye mrija?

Hilo lilikuwa swali la Keza. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu tangu wiki ya kwanza, na mimi nikaliosha.

Keza alikuja kwetu kumalizia shahada ya pili. Binti wa askari, mzaliwa wa Kanombe, na Kiswahili chake alikiokota kambini miongoni mwa watoto wa askari waliotoka Uganda, kwa hiyo kila kitu kwake kilikuwa "iko". Alikuwa mfupi, na ili afikie rafu ya juu alipanda kwenye kreti ya soda aliyoipaka rangi na kuiandika jina lake. Aliimba akifanya kazi. Aliwaimbia hata bakteria kwenye mashine ya kutikisa.

"Mama Domi," aliniuliza siku moja (jina langu ni Domitila, lakini hakuna anayelimaliza), "hii bakteria iko inasikia?"

"Haisikii."

"None se, sasa kwa nini leo imeota mingi?"

"Kwa sababu jana ulikumbuka kuweka sukari."

Akacheka mpaka akalazimika kushuka kwenye kreti.

Kazi yake ilikuwa protini moja tu, mojawapo ya zile zinazopita kwenye sindano. Tuioteshe ndani ya bakteria wasio na madhara, tuitoe, tuisafishe, tuipate nyingi, itulie majini bila kuganda. Kule ng'ambo kulikuwa na maabara yenye hadubini kubwa za elektroni zinazoweza kuonyesha umbo lake, na Daktari Prosper, mkuu wetu, alikuwa amemtafutia Keza nafasi ya kusomea udaktari wa falsafa hapohapo. Sharti lilikuwa moja: afike na protini iliyotulia. Wangengoja hadi mwisho wa mwezi wa sita, kisha nafasi ingekwenda kwa mwingine. Keza aliikata picha ya jengo la kule na kuibandika ndani ya mlango wa kabati lake la koti, mahali alipodhani hatuioni.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa pili tulifanya jaribio letu la kwanza. Tulipasua bakteria, tukapitisha maji yake kwenye mrija uliojaa zile shanga laini zinazoshika protini tunayoitaka na kuacha nyingine zipite, tukaosha shanga, tukaiachilia protini. Jeli ikatoka. Juu kulikuwa na mstari mnene wa buluu, ile yetu. Na chini kabisa, karibu na miguu ya jeli, mstari mwingine, mwembamba.

"Iko kitu hapa chini," Keza akasema, pua yake ikikaribia kugusa kioo. "Ni nini hii?"

"Uchafu. Tutauosha."

"Una hakika, Mama Domi?"

"Keza, mimi nilianza kuosha protini kabla hujaota meno."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema, na ningelipa chochote niyameze tena.

Nilikuwa na maji yangu ya kuoshea, ambayo hayamo kwenye faili. Chumvi zaidi ya ilivyoandikwa, na urea kidogo, ndiyo, ndugu wa ile ya mbolea, ambayo inalegeza chochote kilichong'ang'ania pasipo haki. Niliyabuni mwenyewe nikiwa na protini nyingine, zamani, na yalinipa jina. Watu wa maabara za jirani walikuwa wanatuma vijana wao waje kuiona "mikono ya Mama Domi". Mnaijua Kigali. Sisi ndio tunaofagia kando ya barabara hadi changarawe zionekane zimeogeshwa. Katika mji wa namna hiyo, mwanamke akisifiwa kwa usafi anatembea mabega juu. Mimi nilitembea mabega juu.

Jaribio la pili niliosha kwa maji yangu. Jeli ikatoka na mstari mmoja tu. Nikaita watu. Daktari Prosper akaipiga picha kwa simu yake akisema, "Hii ndiyo kazi." Keza akaiweka protini kwenye friji akiwa anaimba. Asubuhi tulipokuja, kichupa kilikuwa kimejaa ikivuguto, yale maziwa ya mgando ya kwetu. Weupe mzito, mabonge juu kwa chini, kama yaliyosahauliwa dirishani.

Tukarudia. Ikaganda. Tukabadilisha baridi, tukabadilisha chumvi ya mwisho, tukapunguza wingi, tukaongeza gliserini. Ikaganda. Kila mara mimi ndiye niliyechanganya maji ya kuoshea, kwa kuwa ni yangu, na kila mara Keza ndiye aliyefanya hatua zote zilizofuata. Kwa hiyo kila mara, protini ilipotoka mikononi mwangu ilikuwa safi, na ilipokaa mikononi mwake ikaharibika. Mnaona jambo hilo linavyoonekana kwa mtu anayetazama kutoka mlangoni.

"Kuna watu wana mikono ya moto," Daktari Prosper aliniambia mwezi wa nne, si kwa ubaya. "Ni binti mzuri. Lakini mikono, Mama Domi. Mikono haifundishwi."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Nilikwenda kwa Keza nikamwambia kwa upole, upole ambao sasa nikiukumbuka unaniumiza kuliko ningemfokea, "Jaribu polepole zaidi, mwanangu." Akaanza kufanya kila kitu polepole. Akaanza kutumbukiza vidole kwenye barafu kabla ya kushika vichupa, hadi vikawa vyekundu. Mwezi wa tano aliacha kuimba.

Sasa nimefika kwenye lile nililokuwa nalizunguka.

Ijumaa moja mwanzoni mwa mwezi wa sita, katika mkutano wa asubuhi, Daktari Prosper alisema kwamba Jumatatu mchana atawaandikia watu wa ng'ambo kuirudisha ile nafasi, ili isipotee bure, apewe mwingine. Keza atapewa kazi nyepesi amalizie shahada yake. Keza aliitikia kwa kichwa. "Sawa, Doctor," akasema, na akaliandika kwenye daftari lake kama mtu anayeandika orodha ya sokoni.

Mimi nilikuwa nimebakiza wiki tatu kustaafu, na siku hiyo nilipangiwa kusafisha friji. Nikawa natoa vichupa vya zamani na kuvitupa kwenye ndoo ya taka. Nyuma kabisa, palipoota barafu, nikakuta kimoja chenye mwandiko wa Keza na kale kaua alikokuwa akikachora siku za mwanzo. Kiliandikwa: "ya kwanza, chafu".

Nilikishika tayari kukitupa. Lakini mkono wa fundi unakwenda dirishani wenyewe, bila kuombwa. Nikakiinua kwenye mwanga.

Kilikuwa angavu kama maji ya chemchemi. Miezi minne, na hakuna bonge hata moja. Nikakitikisa. Nikangoja. Nikakizungusha kwenye sentrifuji, nikasimama pale nikiisikiliza, na kilipotoka hakuna kilichokaa chini. Nikapitisha tone kwenye jeli, na alasiri mistari miwili ikanitazama, ule mnene wa juu na ule mwembamba wa chini, yote mizima. Ile chafu ilikuwa hai. Zile safi zote zilikuwa zimekufa.

Nilielewa papo hapo. Msidhani sikuelewa. Na nilichofanya ni hiki: nilikirudisha kichupa kwenye friji, nikaitumbukiza jeli ndani ya bahasha, nikaiweka bahasha kwenye mkoba wangu chini ya mtandio. Keza alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, akiosha chupa, amenipa mgongo.

"Wikendi njema, Mama Domi," akasema.

"Na wewe, mwanangu," nikasema, nikaenda zangu nyumbani.

Nilijiambia nahitaji uhakika. Uongo. Zawadi ya kuniaga ilikuwa imeshanunuliwa. Nilikuwa nimeiona ofisini, imefungwa kwa karatasi, na kadi juu yake imeandikwa "Kwa mikono safi kuliko yote".

Jumamosi nilikwenda Kabeza kwa Anakleti. Anakaa nyuma ya duka la misumari na rangi, macho yake yamefunikwa na ukungu, na anawatambua watu kwa hatua zao.

"Domitila," akasema kabla sijabisha hodi. "Leo unatembea kama umebeba kitu."

Nikamweleza. Sikuweza kumwonyesha jeli, kwa hiyo nilimchorea mistari miwili kwenye kiganja kwa kidole changu, mmoja karibu na kifundo cha mkono, mwingine kwenye ncha za vidole.

"Huyu mdogo," akauliza, "anakuja kila mara?"

"Kila mara nisipoosha kwa nguvu."

"Kiasi kilekile?"

"Kilekile."

"Basi weye Domitila, huyo si uchafu. Uchafu hauna adabu. Leo iko, kesho haiko, leo mkubwa, kesho mdogo. Huyu anakuja na mwenzake kila siku, saa ileile, wamevaa vizuri. Huyu ni mtu wa nyumba ile." Akacheka kidogo. "Miezi mine unafukuza mtu kwao. Na urea juu!"

Sikucheka. Akaukunja mkono wake juu ya kidole changu.

"Na yule mtoto?"

"Jumatatu wanairudisha nafasi yake."

"Jumatatu saa ngapi?"

"Mchana."

"Ah," akasema. "Mimi nilingoja hadi siku ya kustaafu kukwambia habari ya ile mashine. Weye una Jumatatu asubuhi. Una bahati kunipita."

Kisha akamwita mjukuu wake alete chai, na hatukulizungumza tena.

Jumatatu saa mbili niliiweka jeli mezani mbele ya Daktari Prosper, na kichupa kando yake, na nikasema mbele ya wote, kwa sentensi fupi, kwa sababu nilijua ndefu zitanipa mahali pa kujificha. Nilisema maji ya kuoshea ni yangu. Nilisema nilikiona kichupa tangu Ijumaa. Nilisema mikono ya Keza haina neno.

Daktari Prosper alikiinua kichupa dirishani, akakishusha, akakiinua tena.

"Tangu Ijumaa?" Keza akauliza.

"Tangu Ijumaa."

"Mama Domi, nimelia kwa choo ya huko juu miezi mine. Nilikuwa naweka mikono kwa barafu." Akaninyooshea vidole vyake, vyote kumi. "Kwa barafu!"

"Najua. Nilikuona."

Akatoka nje. Hakuufunga mlango kwa kishindo. Aliuacha wazi, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Daktari Prosper hakuandika barua mchana ule. Alikwenda kufukua karatasi zilizokuja na ile DNA tuliyotumiwa, na akagundua kwamba kipande kilikatwa kirefu kidogo kuliko tulivyofikiri. Jeni ya jirani ilikuja nayo, ndogo, hakuna aliyeijali. Jirani huyo ndiye mstari wangu wa chini.

Nitawaeleza kazi yake, kwa maana ndiyo kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona nikiwa kazini. Protini hizi ndogo hutembea mbili mbili, zimeshikana. Ile ndefu inajiviringisha mwanzo wake kuzizunguka, kama mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kitenge, na hapo haiwezi kujifunga fundo. Zinaibeba hivyo, nusu wazi, hadi kwenye kitako cha sindano. Pale langoni ndefu inavuliwa kutoka mgongoni, inaingia tunduni kama uzi, na kwenda zake. Zile ndogo haziingii. Zinabaki ndani ya bakteria, zinarudi kumchukua mwingine.

"Kwa hiyo yeye haendi?" Keza aliuliza Daktari alipomaliza kuchora ubaoni. Alikuwa amerudi, amekaa kwenye kiti cha mbali kabisa na changu.

"Haendi," Daktari akasema. "Anasindikiza tu."

Siku iliyofuata Keza aliivuta kreti yake hadi kwenye meza yangu. Hakunisalimu. Akaniwekea mizani mbele.

"Pima chumvi," akasema. "Ile ya faili. Mimi nitasimama hapa naangalia."

Nikapima. Akaisoma namba kwa sauti, kama afisa wa forodha. Urea alikuwa ameifungia kwenye kabati lake, na ufunguo ameuvaa shingoni.

Tulifanya kazi hiyo siku nzima, bega kwa bega, na maneno yetu yalikuwa "leta", "shika", "ngoja". Mistari miwili ikatoka. Tukaiweka kwenye friji. Asubuhi ya pili alinikuta mlangoni. Hakuna kati yetu aliyekuwa ametaka kuifungua friji peke yake.

"Fungua wewe," akasema.

"Wewe."

"Mama Domi, fungua, mimi naogopa."

Nikaifungua, nikampa bila kutazama. Sikutazama mpaka niliposikia, nyuma yangu, chini kwa chini, mtu anaanza kuimba.

Picha aliyonitumia baadaye kutoka kule iko ukutani kwangu, karibu na kalenda ya parokia: ile ndefu kwa rangi ya dhahabu, na wale wadogo wawili kwa buluu, ameichagua buluu makusudi. Kadi ile ya kuniaga niliomba ibadilishwe. Wakaandika tu "Asante". Zawadi yenyewe ilikuwa saa ya ukutani, na inagonga vibaya, haiko sawa hata kidogo.

Habari za protini zilifika ng'ambo kabla mwezi wa sita haujaisha, nafasi ikabaki yake, na mwezi wa nane alisafiri. Wazazi wake walimuaga nyumbani, palepale Kanombe, kwa kuwa baba alikuwa anaingia zamu. Mimi nilikuwa tayari mtu wa nyumbani, sina kazi, nikaomba nibebe lile boksi la barafu kavu lenye vichupa. Desturi yetu mnaijua; mgeni hatolewi mlangoni akaachwa, unatembea naye kipande. Tulitoka kwao kwa miguu hadi barabarani, tukapata teksi, na saa tisa alasiri tulikuwa mbele ya uwanja wa ndege. Sanduku lake lilikuwa na gurudumu bovu.

"Kuna kitu kinagonga," nikasema.

"Ni gurudumu. Iko sawa."

Tukatembea kidogo.

"Nilikuwa bado nakukasirikia mpaka jana," akasema.

"Na leo?"

"Leo iko ndege." Akanitazama kwa pembe ya jicho, kisha akacheka, na mimi nikacheka, na boksi likatikisika, naye akapiga ukelele, "Yewe, usitikise!"

Mlinzi mlangoni aliisoma tiketi yake, akanigeukia. "Na wewe mama, unasafiri?"

"Hapana. Namsindikiza."

"Basi mwisho ni hapa."

Nikamkabidhi boksi. Nilimwambia alishike wima, asiliweke karibu na joto, asiliache kwa mtu, na akaitikia kila kitu kama hakijui. Aliliegemeza kifuani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akanishika vidole, akavigeuza, akaviangalia vyote kumi. Akavuta sanduku lake akaingia, na lile gurudumu likawa linagonga sakafuni, likienda, likienda, nikalisikiliza mpaka mlango wa kioo ukateleza ukafunga nyuma yake.